Kukataa kuongezewa damu kwa sababu za kidini

Huu ni msimamo wa baadhi ya waumini, hasa Mashahidi wa Yehova, wa kutopokea damu hata maisha yakiwa hatarini. Fundisho hilo lilitangazwa katika jarida lao la Mnara wa Mlinzi mwaka 1945, likitegemea agizo la kujiepusha na damu katika Matendo 15:29. Muumini hukataa damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na utegili. Sehemu ndogo zaidi, kama albumini, huachiwa dhamiri yake.

Mgonjwa mahututi wa imani hiyo kutoka Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, huweza kupelekwa hospitali ya Amana au ya Muhimbili, na hapo ndipo ugumu wa kumtibu bila damu hujitokeza. Mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache. Dawa ya traneksamiki, madini ya chuma kabla ya upasuaji na kurudisha damu ya mgonjwa mwenyewe husaidia, lakini mashine za kurudisha damu hiyo ni adimu. Mashahidi wana halmashauri za kuzungumza na madaktari, nazo hufaa zaidi zikiitwa mapema, si usiku wa dharura.

Uamuzi wa mtu mzima mwenye akili timamu unastahili kuheshimiwa. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu kwa malaria au selimundu hajajichagulia imani, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakataza kumnyima matibabu.