Likizo ya Mfanyakazi

Msomaji, ukipita katika mtaa wa Umoja, mashariki mwa jiji la Nairobi, siku chache kabla ya Krismasi, utaona mizigo ikifungwa. Mama anahesabu nauli, watoto wanaulizana watafika saa ngapi, na baba anatafuta kamba ya kufungia gunia. Mabasi yaendayo Kisumu, Kakamega, Kisii na Machakos hujaa watu, na nauli hupanda. Jambo hili limezoeleka hata hapana aulizaye lilianza vipi. Walakini lina historia, nayo yafaa ijulikane kwa kijana anayejiandaa kuingia kazini, kwa kuwa inatuonyesha pumziko la namna gani humfaa binadamu.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika kando ya ziwa, mahali tunapopaita Kisumu. Mji ukakua, ukataka mikono ya kazi. Lakini serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini awe mfanyakazi tu, asiwe mwenyeji. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920; baadaye zikaja Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, na shirika la reli likawa na makao yake Muthurwa. Vyumba vingi vilikuwa vya kulaza wanaume waliokuja peke yao, na mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mke alibaki nyumbani akilima, akilea na kuuguza, na mume alikaa mjini na kipande chake, kile cheti kilichowekwa ndani ya kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni. Aliyeacha kazi bila ya kuandikiwa ruhusa katika kipande hicho alihesabiwa mtoro, na akishikwa alishtakiwa.

Sasa utafahamu kwa nini wazee walilitamka neno "livu" kwa furaha kubwa. Livu kwao haikuwa safari ya kutazama maajabu ya dunia. Ilikuwa ni muda wa kurudia utu wao. Mtu aliyeitwa "boi" mwaka mzima aliitwa tena baba fulani, mwana wa fulani. Alileta sukari, blanketi na kitambaa. Aliezeka paa lililovuja. Aliketi barazani na wazee, akatoa neno na neno lake likasikizwa. Hata hivyo tusiipambe mno hali ile. Furaha yenyewe ilikuwa na uchungu ndani yake, maana mtoto aliyezaliwa nyuma ya baba yake aliweza kumkimbia kama mgeni, na alipoanza kumzoea, siku za livu zilikuwa zimekwisha.

Haki ya kupumzika haikutolewa kama zawadi. Mwaka 1936 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha mkataba kwamba mfanyakazi apewe likizo yenye malipo kila mwaka, japo siku sita tu za kazi. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa, katika Tangazo la Haki za Binadamu, ibara ya 24, uliandika kuwa kila mtu ana haki ya kupumzika na ya kupata likizo yenye malipo. Hapa kwetu maneno hayo yalihitaji watu wa kuyapigania. Makhan Singh, aliyeongoza chama cha wafanyakazi tangu mwaka 1935, alikamatwa pamoja na Fred Kubai mwezi wa Mei 1950, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa mtu mmoja haukufaa, ikashauri kuwa mfanyakazi alipwe kiasi cha kutunza jamaa yake. Leo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa kila mwajiriwa wa Kenya siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kamili kila mwaka, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Umoja ulianza kujengwa katika miaka ya 1970, na nyumba zake zilikusudiwa jamaa nzima: baba, mama na watoto. Hivyo likizo haina tena kazi ya kuwakutanisha mume na mke, lakini ingali inawakutanisha wajukuu na bibi yao, na walio hai na makaburi ya wazee wao. Ila imezuka hatari mpya. Wako wanaofanya likizo kuwa mashindano. Hukopa ili waonekane kijijini kuwa mambo yamewanyokea, kisha Januari huwakuta na karo, kodi na madeni. Hao hawakupumzika, walibadili tu mahali pa kuchokea.

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha uchunguzi wa Waholanzi 1,530. Waliona kuwa wanaokwenda likizo huwa na furaha zaidi kabla ya safari, lakini warudipo, wengi wao hawawapiti waliobaki nyumbani. Waliobakiwa na furaha kwa muda ni wale ambao likizo yao ilikuwa ya utulivu mwingi. Jessica de Bloom naye, mwaka 2013, alieleza kuwa katika likizo ndefu raha hupanda hata siku ya nane hivi, na kazi ikianza tena hurudi ilipokuwa katika muda wa juma moja. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Basi tujifunze nini? Kwanza, kungojea likizo ni sehemu ya likizo. Kwa hiyo ni afadhali mapumziko mafupi yanayorudi mara kwa mara kuliko safari moja kubwa baada ya miaka mingi. Pili, utulivu hushinda umbali na gharama. Mtu aweza kupumzika Umoja kwake, mlangoni pake, ikiwa siku ile ni yake kweli. Tatu, pumziko la mmoja lisiwe mzigo wa mwingine. Mtazame mama anayewapikia wageni ishirini wakati wengine wanastarehe. Mtazame mtumishi wa nyumbani anayenyimwa siku yake ya juma. Mkumbuke mchuuzi ambaye siku asipouza halii chochote nyumbani kwake.

Ewe kijana, kesho utaajiriwa au utaajiri. Ukiajiriwa, ichukue likizo yako bila ya aibu, kwa kuwa wako waliofungwa kwa kudai utu wa mfanyakazi. Ukiajiri, usimhesabie mtu pumziko kuwa ni uvivu. Na leo hii, ukiwa bado mwanafunzi, anza na lililo karibu: Desemba hii mwambie mama aketi, nawe ushike sufuria.