UZI: Tabianchi, lawama na ng'ombe. Kwa nini Nairobi na Garissa hatuelewani

1/ Kila kampeni ikikaribia mjadala huu unarudi. Mmoja anasema wafugaji wa kaskazini wana mifugo mingi mno, ndio wanaharibu nchi. Mwingine anajibu ati tabianchi ni hadithi ya wazungu. Mimi nasoma sayansi ya siasa, kwetu ni Garissa. Sitataja chama wala mtu. Wacha tuangalie historia kidogo, maana naona tunagombania kitu kingine kabisa.

2/ Kwanza, lile tusilobishania. Huku hutapata mzee wa kukukatalia kwamba mvua za gu' na deyr zimebadilika. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Kenya ilipoteza mifugo karibu milioni 2.5. Wanasayansi wa World Weather Attribution walisema joto la dunia liliongeza uwezekano wa ukame kama ule angalau mara 100. Halafu 2023 hiyo hiyo ikaisha kwa mafuriko, maji yakakata barabara pale Madogo na Garissa ikabaki kama kisiwa.

3/ Sasa tunagawanyika wapi? Kwa maswali mawili: nani alaumiwe, na nani ana haki ya kutuambia tubadilike. Kenya nzima hutoa chini ya asilimia 1 ya gesi chafu za dunia. Mtu aliyezika ng'ombe wake wote akiambiwa "punguza mifugo" na mtu mwenye magari matatu, unadhani atasikia sayansi? Atasikia matusi.

4/ Na matusi hayo hakuyasikia jana. Wakoloni waliifunga NFD: kuingia na kutoka ni kwa kibali, na koo zikachorewa mipaka ya malisho. Kumbuka kinga kubwa ya mfugaji wakati wa ukame ni kuhama. Hiyo ndiyo iliyofungwa kwanza.

5/ Uhuru ukaja na vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Hali ya hatari haikuondolewa mpaka 1991. Katikati hapo kuna Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliosema pesa za maendeleo ziende mahali zitakapozaa zaidi: penye mvua, udongo mzuri, reli na barabara. Kwa ufupi, si kwetu. Ndiyo maana hadi leo utamsikia mtu akipanda basi la Nairobi anasema "naenda Kenya".

6/ Halafu kuna mathenge. Miaka ya 1970 na 1980 wataalamu waliuleta mti huu uzuie jangwa na utupe kuni. Leo umeziba malisho na njia za mifugo kwenda Mto Tana, na mbuzi wakila sana maganda yake matamu, meno yanaoza. Watu wa Baringo walifika hadi mahakamani na mbuzi kibogoyo kama ushahidi! Kwa hivyo mtaalamu akija na mradi mwingine wa "kuokoa mazingira" na mzee akanyamaza tu, msimwite mjinga. Anakumbuka.

7/ Lakini tuseme ukweli wa upande wetu pia. Historia hii wengine wanaitumia kama kivuli cha kupumzikia. Anayechoma makaa pale kwetu hakutumwa na mkoloni. Visima vinachimbwa ovyo wakati wa kutafuta kura, watu na mifugo wanahamia hapo, na nyasi zinaisha kilomita kadhaa kila upande. Hayo ni maamuzi yetu.

8/ Basi ni nini hubadilisha tabia? Anza na kwa nini mtu anafuga wengi. Mwenye ng'ombe 100 akipigwa na ukame huenda akabaki na 20 wa kuanzia upya. Mwenye 20 anabaki na fimbo. Kundi ndilo benki. Kumwambia apunguze bila kumpa benki nyingine ni kama kumwambia mwalimu afunge akaunti yake.

9/ Bima ya mifugo ilianza Marsabit 2010. Setilaiti inaangalia ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango unalipwa. Kwetu Waislamu swali lilikuwa: ni halali? 2013 Wajir ikapata bima ya takaful, na 2014 wafugaji wakalipwa. Hakuna aliyewahubiria. Lililozuia lilisikizwa, likarekebishwa. Na utafiti wa Marsabit baada ya ukame wa 2011 ulionyesha wenye bima walikuwa na uwezekano mdogo wa kuuza mifugo kwa hasara au kupunguza milo kuliko wenzao.

10/ La pili ni kauli. 2016 Wajir ilitunga sheria ya mfuko wa kaunti wa tabianchi, ambapo kamati za wadi zinachagua miradi. Mzee anayejua malisho gani ni ya kiangazi akikaa kwenye kamati, kanuni ya "hapa tusilishe mpaka jilaal" inakuwa yake. Ni rahisi kufuata kanuni uliyoitunga kuliko uliyosomewa na askari.

11/ Bima na kamati hazitarudisha mvua. Walio na viwanda vikubwa duniani bado wana deni lao, na tuendelee kulidai. Ila deni likilipwa kesho, tutahitaji watu wanaoaminiana kuzigawa hizo pesa.

12/ Kwa hivyo mgombea akija na mjadala huu, msimuulize kama anaamini tabianchi. Muulizeni mambo mawili. Mvua ikikosa misimu miwili, pesa zitafika kabla ng'ombe hajafa au baada? Na kwenye kamati ya kuamua, atakaa nani kutoka kijiji chetu? Akijibu, andikeni tarehe.