Wazee, watoto na sinema ya Kijapani

Mzee Shukichi Hirayama na mkewe Tomi wanafunga safari kutoka mji wa bandari wa Onomichi, magharibi mwa Japani, kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Wanapokewa kwa heshima zote. Siku chache baadaye inadhihirika kwamba hakuna mwenye nafasi ya kukaa nao.

Hicho ndicho kisa cha filamu ya Tokyo Monogatari, yaani Hadithi ya Tokyo, iliyoongozwa na Yasujiro Ozu mwaka 1953. Ndani yake ni nadra mtu kupaza sauti. Hata hivyo, mwaka 2012 waongozaji wa filamu waliopigishwa kura na jarida la Uingereza la Sight and Sound waliiweka nafasi ya kwanza kati ya filamu zote duniani.

Ili kuielewa, hatuna budi kuanza na sheria. Chini ya sheria za kiraia za mwaka 1898, kila nyumba ya Kijapani ilikuwa na mkuu wake aliyeidhinisha ndoa za jamaa zake, na kwa kawaida mwana wa kwanza ndiye aliyerithi cheo hicho pamoja na mali. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliikalia nchi hiyo. Katiba mpya ilianza kutumika mwaka 1947, na Januari 1948 mfumo wa mkuu wa nyumba ukafutwa. Ndoa ikawa hiari ya wawili, urithi ukawa haki ya watoto wote.

Ozu alipiga filamu yake miaka mitano tu baadaye, na watoto wa Hirayama si wakatili. Koichi ni daktari wa mtaani. Siku aliyopanga kuwatembeza wazazi wake anaitwa kwa mgonjwa. Dada yake Shige ana saluni. Wawili hao wanachanga fedha na kuwapeleka wazee Atami, penye chemchemi za maji moto, ambako kelele za vijana haziwapi usingizi. Wazee wanarudi mapema, na Shige ana mkutano wa wasusi nyumbani kwake usiku huohuo. Sisi tunaoishi nchi za watu, na wazazi wetu tunawasikia kwenye simu tu, tuna haki gani ya kumcheka Shige?

Anayewatunza wazee ni Noriko, mkamwana wao, ambaye mumewe aliangamia vitani. Anaomba ruhusa kazini ili awatembeze, na chumbani kwake anaazima pombe ya mchele kwa jirani ili mkwewe asikose kinywaji. Mila ya zamani ingemtaka mjane huyo abaki katika nyumba ya marehemu mumewe. Lakini wazee wenyewe ndio wanaomsihi aolewe tena. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Ozu anapowazidi wengi walioandika juu ya mgongano wa vizazi: mwenye damu amekwisha kwenda na wakati, asiye na damu ndiye anayeshika wajibu, na mzee ndiye anayemfungulia kijana mlango.

Tomi anafariki baada ya kurejea Onomichi. Mara tu baada ya mazishi, Shige anaomba kimono ya mama yake iwe kumbukumbu. Mdogo wao Kyoko anakasirika, na ni Noriko anayewatetea: kila mtoto, anasema, hufika wakati akawa na maisha yake.

Ozu hakuoa kamwe. Aliishi na mama yake hadi mama huyo alipofariki mwaka 1962. Yeye alifariki tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 60.

Mwaka 2013 Yoji Yamada aliirudia hadithi hiyo katika Tokyo ya leo. Lakini mrithi anayetajwa zaidi ni Hirokazu Kore-eda. Katika Aruite mo Aruite mo ya mwaka 2008, Ryota anafika kwa wazazi wake siku ya kumkumbuka kaka yake aliyekufa maji, huku akiwaficha kwamba hana kazi. Anaahidi kwenda na baba kutazama mpira, na siku moja kumpakia mama katika gari lake. Miaka inapita, wazazi wote wawili wanafariki, na hakuna ahadi hata moja iliyotimizwa.