Gharama ya Risala ya Bibi Child

Kabla ya mwaka 1833 walikuwa wachache mno, katika majimbo ya Kaskazini ya Marekani, waandishi wa kike waliopendwa majumbani kama Bibi Lydia Maria Child wa Massachusetts. Kitabu chake cha unyumba, kilichotoka mwaka 1829, kiliwafunza wanawake wasio na mali jinsi ya kuhifadhi mayai katika maji ya chokaa, na kutotupa barua kuukuu maadamu migongo yake ilifaa kuandikiwa. Na jarida lake la watoto, alilolianzisha mwaka 1826, lilitia jina lake kinywani mwa wazazi wengi. Maktaba ya Boston Athenaeum, ambayo kwa desturi ilikuwa baraza ya wanaume, ilimruhusu kutumia vitabu vyake bila ada. Mtu aliyefika daraja hiyo, tena mwenye mume ambaye kwa wema wake wote alijaliwa zaidi madeni kuliko chumo, alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Hakunyamaza. Mwaka ule wa 1833 alitoa risala ya kuwatetea Wamarekani wenye asili ya Afrika, akieleza historia ya utumwa tangu zama za kale, hasara zake kwa nchi na ufisadi wake kwa nafsi za mabwana, kisha akidai kwamba watumwa waachwe huru mara moja. Lakini hayo peke yake yangaliweza kusamehewa na watu wa Boston, ambao walizoea kusikia aibu za Kusini zikitajwa. Lililowachoma ni sura ya mwisho, aliyoielekeza kwao wenyewe: kwamba wao waliojidai kuwa na mikono safi walimtenga mtu mweusi huru katika viti vya kanisa, walimfungia milango ya shule, na kwa sheria ya jimbo lao walimharimishia kuoana na mtu mweupe.

Zaidi ya hayo, utajiri wao ulikuwa na asili yake, na hapa msomaji wa pwani yetu ana haki ya kusimama kidogo. Mwezi Septemba wa mwaka huo huo, mjumbe Edmund Roberts alitia sahihi mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, huko Maskati, na katika miaka iliyofuata merikebu za Salem zilishusha Unguja majora ya merikani, nguo iliyofumwa Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Mtumwa wa shamba la karafuu aliyejifunga shuka ya merikani alivaa jasho la mtumwa mwenziwe wa ng'ambo, wala hapana aliyemwambia.

Malipo ya risala yalikuja upesi. Wazazi waliacha kununua jarida, naye akalazimika kuliacha mwaka 1834. Maktaba ikaifuta ruhusa yake. Na hata kitabu cha unyumba kikapungua wanunuzi, kana kwamba mayai yaliyokaa katika chokaa yameambukizwa siasa. Kwa upande wa pili, kasisi William Ellery Channing, ambaye hakuwa akijuana naye, alitoka Boston kwa miguu mpaka Roxbury kwenda kumshukuru. Mumewe, David, alijaribu kulima viazisukari huko Northampton ili watu wapate sukari isiyotokana na watumwa. Viazi vilimea, faida haikumea. Bibi Child akaenda New York, na tangu 1841 hata 1843 akawa mhariri wa gazeti la chama cha kupinga utumwa, mpaka ugomvi wa wapinga utumwa wenyewe kwa wenyewe ulipomchosha.

Mwaka 1859, mpinga utumwa John Brown alipotiwa nguvuni Virginia, Bibi Child aliomba idhini ya kwenda kumuuguza majeraha yake. Mke wa Seneta Mason wa jimbo hilo alimwandikia kwa ukali kwamba mabibi wa Kusini huwahudumia wajakazi wao wanapojifungua. Bibi Child akajibu kwamba Kaskazini nako wazazi hawakosi msaada, ila huko, mama akiisha kusaidiwa, mtoto hauzwi. Barua hizo zilipigwa chapa pamoja, zikaenea nakala 300,000.

Hata hivyo gharama yake ilikuwa ndogo ikilinganishwa na ya mwanamke ambaye kitabu chake alikihariri mwaka 1861. Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani Edenton, North Carolina, alijificha karibu miaka saba katika dari ya nyumba ya nyanya yake, mahali penye urefu wa futi 9, upana wa futi 7, na kimo kisichozidi futi 3, kisha akatoroka mwaka 1842. Mchapishaji alitaka utangulizi wa Bibi Child kwanza, maana neno la mwanamke mweusi halikutosha kuwa shahidi wa maisha yake mwenyewe. Bibi Child aliandika wazi kwamba kazi yake ilikuwa kupanga na kufupisha tu. Lakini wataalamu wengi waliofuata hawakumwamini, wakakihesabu kisa hicho kuwa riwaya yake, mpaka miaka ya 1980 Jean Fagan Yellin alipothibitisha, kwa barua za Jacobs, kwamba mwandishi ni Jacobs mwenyewe.