Buriani Sura ya 131: Miaka 59 ya Kuikimbiza Kamari

Agosti 7, 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, na Sura ya 131 ya sheria za Kenya ikapigwa kalamu. Ilikuwa na umri wa miaka 59. Magazeti yalimpokea mrithi kwa vichwa vikubwa. Marehemu hakupata hata tanzia ya aya moja. Nimeona si haki. Nakala yangu imekaa mezani wiki nzima kando ya rundo la Sheria za Fedha za kuanzia 2017, na kadiri ninavyozisoma pamoja ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kisa cha Wakenya na kamari ya mtandaoni hakikuandikwa na sheria ya kamari. Kiliandikwa na watu wa kodi.

Sura ya 131 ilipitishwa mwaka 1966, bendera ikiwa bado inanukia upya. Utangulizi wake unasema kazi yake: kudhibiti na kutoa leseni kwa majumba ya kamari, kutoza kodi, kuruhusu bahati nasibu za umma. Shika neno hilo, majumba. Kwa walioitunga, kamari ilikuwa kitu chenye paa na mlango. Ilikuwa kasino yenye bawabu, au dirisha la kupokelea beti za farasi. Nairobi ilikuwa na mazoea ya farasi tangu ukoloni. Mbio zilihamia Ngong mwaka 1954, ila ukipita karibu na Kariokor bado unaikuta barabara iitwayo Racecourse, ingawa siku hizi kinachokimbia hapo ni matatu tu. Nje ya paa kulikuwa na tiketi za Charity Sweepstake vibandani na, bila leseni ya mtu yeyote, pata potea: karata tatu juu ya katoni lililopinduliwa, mjanja mmoja, wasaidizi wawili wanaojifanya wateja, na mgeni mmoja aliyeshuka basi asubuhi hiyo. Askari akitokea, katoni linapigwa teke na benki imefungwa.

Kwa miaka 40 mpangilio huo ulitosha. Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, BCLB, ilikagua majumba. Polisi walifukuza makatoni.

Machi 2007 ikaja M-Pesa. Mwaka 2014 ikaja SportPesa, na baada yake wengine wengi: Betin, Betika, mCheza, Betway. Mtu alituma ujumbe mfupi wenye nambari za mechi na utabiri wake, pesa zikapita kwa nambari ya Paybill, basi. Hakuhitaji kasino, wala suruali ya heshima ya kuingilia kasino. Kijana wa Bumala angeweza kuweka beti kwenye mechi ya Hull City ya Uingereza akiwa juu ya pikipiki, akisubiri abiria. Sheria iliyomtafuta mchezaji mlangoni ikajikuta haina mlango wa kusimamia. Kweli, bodi ilitoa leseni, lakini ilizitoa kwa kunyoosha vifungu vya farasi hadi vikafika kwenye simu.

Februari 2017 mtu mmoja alijishindia jakpoti ya shilingi milioni 221. Sitamtaja, ameandikwa vya kutosha. Picha ya hundi ile kubwa kama mlango ilizunguka nchi nzima, na nadhani hakuna tangazo lililowahi kuuza kitu Kenya kuliko picha hiyo.

Wiki chache baadaye, Machi 30, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alisimama bungeni kusoma bajeti. Hadi siku hiyo kamari ilitozwa kodi kwa mafungu: asilimia 5 kwa bahati nasibu, 7.5 kwa beti, 12 kwa michezo ya kasino, 15 kwa mashindano ya zawadi. Rotich alitaka yote yawe sawa, na usawa wenyewe uwe asilimia 50. Si ya faida, bali ya mapato yanayobaki baada ya washindi kulipwa, kabla ya kampuni kulipia umeme, mishahara na matangazo. Sababu aliyoitoa ilikuwa vijana. Kodi ingewaokoa na uraibu.

Nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu yaliyofuata yana mambo ambayo hata mtunzi wa tamthilia angeona haya kuyaandika.

Kamati ya fedha ya Bunge iliikataa asilimia 50, na wabunge wakapitisha Mswada wa Fedha bila nyongeza hiyo. Ilikuwa miezi miwili kabla ya uchaguzi wa Agosti 8. Wengi walikuwa na mguu mmoja bungeni na mwingine kwenye kampeni. Lakini Rais Uhuru Kenyatta alikataa kutia saini. Aliurudisha mswada akiambatisha pendekezo lake: asilimia 35. Kikatiba, Bunge likitaka kumpuuza rais katika jambo kama hilo linahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote. Wakati wa kampeni huwezi kupata thuluthi mbili hata kwa chai ya bure. Asilimia 35 ikawa sheria Juni 2017, ianze kutumika Januari 1, 2018.

Sasa tazama viwanjani. Wakati huo SportPesa ilikuwa jina la Ligi Kuu. Ilikuwa kifuani mwa Gor Mahia na kifuani mwa AFC Leopards, ilikuwa kwenye raga na ndondi. Mei 2017 ilitangaza kwamba itakuwa kifuani mwa Everton pia, kule Liverpool. Juni, mswada ukiwa bado unarushwa kati ya Bunge na Ikulu, kampuni ikaandaa kombe lake Dar es Salaam, na fainali ikawa debi ya Mashemeji ughaibuni: Gor Mahia (K'Ogalo) 3, AFC Leopards (Ingwe) 0. Kabla ya mwezi huo kwisha, kampuni ikatoa kauli yake: kodi hii ikisimama, udhamini wote wa Kenya unakoma mwaka mpya ukianza. Na Julai 13 Gor Mahia wakaingia Uwanja wa Taifa, Dar, kucheza na Everton, zawadi ya kombe lile. Wayne Rooney, ndio kwanza amerudi klabu yake ya utotoni, akaachia shuti kutoka mbali hadi wavuni. Jacques Tuyisenge akasawazisha. Everton wakashinda 2-1.

Jirani yangu ni Ingwe wa kufa na kuzikwa. Mpaka leo ukimtajia kodi ya kamari anazungumza kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Hesabu yake ni fupi: serikali ilitaka kumpiga mwenye kamari, fimbo ikatua kwa wachezaji wa Leopards. Januari 2018 jezi zilibaki bila jina. Ninamsikiliza, lakini huwa namuuliza swali moja ambalo hajawahi kunijibu. Ilikuwaje klabu iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye mashabiki hadi mashambani, ishindwe kulipa nauli ya basi kwa sababu kampuni yenye umri wa miaka mitatu imenuna? Hilo si kosa la Rotich. Ni aibu ya wasimamizi wa soka yetu, na bado ipo.

Kampuni zilikwenda mahakamani, hazikufua dafu. Ila kitisho cha viwanjani kilifanya kazi ambayo mawakili hawakuiweza. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaishusha kodi hadi asilimia 15, udhamini ukarudi. Hata kabla ya sheria hiyo, Mei mwaka huohuo, Hull City walikuwa Kasarani wakicheza na Gor Mahia. Serikali ilichokitoa kwa mkono mmoja ilikitafuta kwa mwingine: sasa mshindi mwenyewe akakatwa asilimia 20 ya alichoshinda.

Alichoshinda ni kipi? Rafiki yangu mhasibu alinichorea kwenye risiti ya hoteli. Umeweka shilingi 100 kwa odi ya 2.0, umeshinda, unapewa 200. Je, umeshinda 200 au 100? Mamlaka ya Ushuru, KRA, ilisema 200, kwa hiyo kata 40. Kampuni zilisema shilingi 100 za kwanza zilikuwa zako tangu asubuhi, kata 20. Tofauti ya shilingi 20, ukiizidisha kwa mamilioni ya beti za Jumamosi moja, inakuwa mabilioni. Ugomvi huo wa tafsiri ya neno moja ndio uliouzaa mwaka 2019.

Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, hakuwa mtu wa tafsiri. Alisema mapato ya sekta hiyo yalifika shilingi bilioni 204 mwaka 2018, kutoka bilioni 2 miaka mitano nyuma. Alikuwa amekwisha anza na zile mashine za vibandani zilizomeza sarafu za watoto wa shule. Ziliteketezwa kwa mafungu mbele ya kamera. Mei 2019 bodi ikatoa masharti ya matangazo: mabango marufuku, watu mashuhuri marufuku, redio na televisheni kimya kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Mahakama ikayasimamisha. Julai ikaja fimbo kubwa. Kampuni 27 hazikupewa leseni upya, na bodi ikaiandikia Safaricom, wenye M-Pesa, izime nambari zao za Paybill. Wakurugenzi 17 wa kigeni wakatimuliwa nchini.

Barua hiyo kwa Safaricom, kwa maoni yangu, ndiyo siku ya pekee katika miaka yote hii ambapo serikali iliipata kamari ya mtandaoni penye shingo. Haikuhitaji askari wala mlango wa kuvunja. Mfereji wa pesa ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa na bomba la kufungia. Inashangaza kwamba silaha hiyo ilitumiwa kudai kodi. Kampuni zilizoafikiana na KRA zilirudishiwa bomba lao, na beti zikaendelea kama jana. Aliyekuwa amekopa kwa simu ili abeti hayumo katika barua yoyote niliyoisoma.

Kisha wabunge wakageuka. Wale waliokataa kuongeza kodi 2017 (si wote walewale, uchaguzi ulipita katikati) walipopelekewa pendekezo la ushuru wa asilimia 10 juu ya kila beti, wao wenyewe wakalipandisha hadi 20. Yaani unaweka 100, shilingi 20 zimekwenda kabla refa hajapuliza kipenga. Septemba 28, 2019 SportPesa ilitangaza kufunga shughuli zake Kenya. Betin nayo ikafunga. Mamia ya wafanyakazi wakapewa barua. Jezi zikabaki wazi mara ya pili. Na Juni 2020, nchi ikiwa imefungiwa nyumbani na korona, Bunge lilelile likaifuta asilimia 20 ndani ya Sheria ya Fedha, bila kelele. Miezi michache baadaye jina la SportPesa lilikuwa limerudi chini ya kampuni nyingine, na kesi mpya zikaanza kuhusu nani mwenye haki ya kulitumia.

Baada ya hapo ni namba tu: ushuru wa beti ukarudi kwa asilimia 7.5 mwaka 2021, 12.5 mwaka 2023, 15 mwishoni mwa 2024, kisha 2025 ushuru ukahamishiwa kwenye pesa unazoingiza kwenye akaunti ya kubetia, asilimia 5. Ukiweka takwimu hizo kwenye karatasi zinapanda na kushuka kama kile kindege cha mchezo wa kamari wa Aviator ambacho vijana wanakikodolea macho, kila mtu akibahatisha lini abonyeze atoke.

Majirani walijaribu njia nyingine. Uganda sheria yao ya 2016 iliweka umri wa kucheza kuwa miaka 25, na Januari 2019 Rais Museveni akaagiza leseni mpya zisitishwe. Kwetu umri ni 18, na mwenye simu ya mzazi hana umri.

Aprili 29, 2025 bodi ilipiga marufuku matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Ndipo tulipogundua ni kiasi gani cha redio yetu kilikuwa beti. Asubuhi zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Mwezi ukaisha, masharti mapya yakatolewa, watu mashuhuri wakakatazwa tena kama 2019. Mswada wa kamari uliokuwa umeletwa na mbunge Kimani Ichung'wah tangu 2023 ukamaliza safari yake kati ya Bunge la Kitaifa na Seneti, ukafika mezani kwa rais. Sheria mpya inaitaja kamari ya mtandaoni kwa jina, na inaunda mamlaka mpya badala ya bodi ya zamani. Sura ya 131 haikuwahi kuwa na neno la mtandao.

Ukitaka kujua mamlaka hiyo itakuwa na ukali gani, usisome vifungu. Panda matatu ya Ngong Road ushuke Jamhuri, kabla ya kufika kwa farasi. Uwanja wa Talanta unajengwa pale, viti 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Fedha zake zilikopwa kwa dhamana ya karibu shilingi bilioni 45, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na malipo yake yamewekwa juu ya Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Chakula cha hazina hiyo ni kodi ya kamari. Dhamana ni ya miaka 15, kwa hiyo wenye hati wanatarajia kulipwa hadi 2040.