Utabiri wa mvua: kwa nini Kivu iko katikati ya ramani mbili

Mwezi wa tisa ukifika Kivu, kila mkulima anatazama juu. Ndio mwanzo wa msimu wa kilimo A. Anayepanda maharagi kwa mvua ya kwanza, kisha jua likarudi wiki mbili, anaona mbegu zikikauka ndani ya udongo. Kwa familia iliyokimbia vita na kuazimwa kipande cha shamba, mara nyingi mbegu hizo ni za mara moja tu. Zikipotea, inabidi kungojea msimu B, mwezi wa pili.

Zamani wazee walisoma alama: upepo uliogeuka, miti iliyochanua, kumbikumbi waliotoka ardhini. Elimu hiyo ilikuwa ya mahali, ya mlima huu au bonde lile. Ndiyo maana anayehama haachi shamba tu, anaacha na alama alizozizoea.

Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi, karibu na Kisangani. Huku Kivu ilikuwa na kituo cha Mulungu, katika Kabare. Mvua ilipimwa na kuandikwa, hasa kwa faida ya mazao ya kuuza kama kahawa, pamba na mawese, lakini hesabu hiyo ilibaki. Baada ya uhuru, mwaka 1970, INEAC ikawa INERA. Kisha fedha zikapungua, vita vikaja, na vituo vingi vya kupima mvua nchini vikanyamaza.

Wakati huohuo elimu nyingine ilikuwa inakua. Wataalamu waligundua kwamba joto la bahari ya Pasifiki na ya Hindi linaweza kuonyesha, miezi kabla, kama mvua itazidi au itapungua. Mwaka 1997, El Niño kali ilipokuwa inaanza, nchi za kusini mwa Afrika zilikutana Kadoma, Zimbabwe, kutoa utabiri wa pamoja wa msimu. Mwaka 1998 nchi za Afrika Mashariki zilifanya vilevile Nairobi.

Congo iliingia SADC mwaka huohuo wa 1997, kwa hiyo inahesabiwa katika utabiri wa kusini. Utabiri huo unawafaa watu wa Haut-Katanga, wenye msimu mmoja mrefu wa mvua. Lakini Kivu iko karibu na ikweta na ina misimu miwili, sawa na majirani wa ng'ambo ya ziwa. Rwanda na Burundi zimo kati ya nchi 11 za kituo cha ICPAC cha Nairobi, Congo haimo. Mawingu hayaombi ruhusa mpakani, lakini ramani inaishia hapo. Kazi ya kuziba pengo hilo ni ya METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa, na shirika lisilo na vipimo vya kutosha mashambani haliwezi kuona kila bonde.

Tena utabiri wa msimu si ahadi. Unasema ni kwa kiasi gani inaelekea mvua itakuwa nyingi, ya kawaida au haba katika eneo kubwa, kwa miezi mitatu. Hautaji siku. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua iliteremsha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, territwari ya Kalehe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Hatari ya namna hiyo inahitaji onyo la siku na saa, na onyo hilo linahitaji vipimo vya karibu.

Ndiyo sababu mkulima mwenye busara anasikiliza utabiri redioni, lakini hapandi mbegu zote siku moja. Anagawa: sehemu sasa, sehemu baada ya mvua kushika, na pembeni mihogo inayovumilia jua. Na kijiji au kambi inayoweka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, ikapima maji kwa rula kila asubuhi na kuandika katika daftari, inaanza tena kazi iliyokatika. Baada ya miaka michache, hata mgeni aliyefika jana ataweza kusoma mvua ya mahali hapo.