Johnny Cash: Gwiji wa country asiyefungwa na aina moja ya muziki

WANAMUZIKI wengi hukumbukwa na mashabiki wa miondoko yao tu. Johnny Cash, aliyefariki dunia Septemba 12, 2003 mjini Nashville, Marekani, akiwa na umri wa miaka 71, ni mmoja wa wachache waliovuka mpaka huo. Wapenzi wa country, rock na nyimbo za injili, kila kundi humhesabu kuwa ni wake.

Cash alizaliwa Februari 26, 1932 Kingsland, katika jimbo la Arkansas, na kukulia katika familia ya wakulima wa pamba. Mwaka 1944 kaka yake mkubwa, Jack, alifariki baada ya kujeruhiwa na msumeno wa mashine. Huzuni ya msiba huo na nyimbo za dini alizozisikia nyumbani viliandamana naye hadi uzeeni.

Baada ya kutumikia Jeshi la Anga la nchi yake nchini Ujerumani, mwaka 1955 alianza kurekodi na kampuni ya Sun ya Memphis, iliyomwibua pia Elvis Presley. Kibao chake "I Walk the Line" cha mwaka 1956 kilishika nafasi ya kwanza katika chati za country na kupenya hadi chati za pop. Katika wimbo huo aliingiza karatasi kati ya nyuzi za gitaa lake ili litoe mlio unaofanana na wa ngoma.

Januari 13, 1968 alitumbuiza wafungwa katika gereza la Folsom, California. Cash hakuwahi kutumikia kifungo gerezani, lakini alikwisha kukamatwa mara kadhaa na alihangaishwa na matumizi ya vidonge, hivyo aliimba kuhusu walioanguka bila kuwahukumu. Albamu iliyotokana na onyesho hilo ilimrejesha kileleni.

Hata hivyo, umaarufu haukudumu. Mwaka 1986 kampuni ya Columbia, aliyoitumikia kwa zaidi ya miaka 25, iliachana naye, na wengi waliamini kuwa zama zake zimekwisha.

Aliyemwinua alitoka mbali na country. Rick Rubin, mtayarishaji aliyejijengea jina kwa muziki wa rap na rock nzito, alimrekodi akiwa na gitaa lake pekee. Albamu "American Recordings" ya mwaka 1994 ilipata tuzo ya Grammy katika kundi la muziki wa folk. Mwaka 2002 alirudia "Hurt", wimbo wa kundi la Nine Inch Nails. Mtunzi wake, Trent Reznor, alikiri kuwa wimbo huo haukuwa wake tena.

Hapo ndipo ilipo siri ya Cash. Hakubadili sauti yake nzito wala upigaji wake usio na madoido ili kuwafuata vijana. Alichagua nyimbo zenye majuto, mauti na imani, mambo yanayomgusa kila mtu.

Mwaka 2006, miaka mitatu baada ya kifo chake, albamu yake iliongoza chati kuu ya Marekani. Septemba 2024 sanamu yake ilizinduliwa katika jengo la Bunge la Marekani mjini Washington, kuliwakilisha jimbo la Arkansas.